Mita ya Barabara ya Kumi na Tatu

Dada Mwanatumu, umerudi Ngamiani
na masanduku matatu na goti bovu,
na tangu magharibi majirani wanabisha hodi:
Mhandisi, umeme unarudi saa ngapi?

Unawaambia umestaafu. Hawakubali.
Mama Chausiku ana samaki kwenye friza,
kinyozi ana mteja aliyenyolewa nusu kichwa,
na wewe, wanasema, huko kusini
uliwahi kuwasha nchi nzima.

Mimi nilikuwa msoma mita.
Miaka thelathini na mmoja, baiskeli moja,
minyororo sijui mingapi.
Nilizijua nyumba kwa mwendo wa kisahani:
hapa wana wageni, hapa wana msiba,
hapa mume kahama,
pasi haiwashwi tena alfajiri.
Naandika tarakimu, nafunga geti,
sisemi kitu kwa mtu.

Wewe ulisoma megawati.
Lusaka, kisha Maseru kwenye theluji, kisha Windhoek,
kila shirika likikuita lilipokwisha kuzama.
Ulituma picha: kofia ngumu, buti za mwanamume,
mawaziri wanakodolea macho transfoma
kama wanaosubiri izungumze.
Mama alizibandika ndani ya mlango wa kabati.
Aliyekuja kuazima chumvi hakutoka bila kuonyeshwa:
Huyu ndiye aliyeifungua redio ya baba yake kwa kijiko.

Siku moja aliniuliza, gridi ni kitu gani.
Nikamwambia ni kamba ya kuanikia nguo,
mji mzima umetundika humo,
akivuta mmoja kwa pupa
zote zinaangukia tope.
Akanyamaza, akipepeta mchele.
Basi mwanangu anachoka, akasema.

Usiku aliotutoka nilikupigia mara kumi na moja.
Simu iliita kama iko chini ya kisima.
Ulipopokea ulisema neno moja, *Nimesikia*,
ukakata.
Tulizika baada ya alasiri bila wewe.
Lile neno nikalitunza kama risiti,
miaka kumi na tisa,
nikingoja siku ya kukudai.

Leo, gizani, umenituma sandukuni nitafute tochi.
Chini ya kanga nimekuta daftari la zamu,
mwandiko wako ule ule wa kubanabana.
Huko kwa watu, kwenye lugha za watu,
saa uliandika za kwetu.
Nikasoma. Kazi yangu ni kusoma.

*5:12 usiku. Laini ya kaskazini imekatika.*
*5:13. Yote imeanguka. Nchi giza.*
*6:50. Hospitali kwanza. Migodi isubiri. Waziri asubiri.*
*8:05. Mashine ya pili imekubali.*
*8:40. Simu, Tanga. Mama.*

Halafu mstari mtupu,
na pale kalamu ilipotulia
karatasi imetoboka.

*8:44. Mashine ya tatu imekubali.*

Nimesoma mita za mji huu, dada,
za mabohari ya mkonge, za misikiti, za madanguro,
sikuwahi kukuta inayopima dakika nne kama hizo.
Nimelirudisha daftari chini ya kanga.
Tochi nimeipata. Sikukwambia kingine.

Nje, binti wa zamu kutoka Chuda
amepanda nguzo na mkanda kiunoni,
nawe umeng'ang'ana chini yake kwa goti lako bovu
unammulikia fyuzi,
mkurugenzi mkuu wa mashirika matatu,
humwelekezi, humkosoi,
unashika mwanga tu.

Umewaka. Vigelegele kwa Mama Chausiku,
kinyozi amekimbilia mashine yake.
Ndani, mita yetu mpya inalia kama kifaranga;
za siku hizi hazina kisahani,
hazina umbea wa kumwambia mtu.
Unaniuliza: imebaki yuniti ngapi?
Nimeinama, nimesoma:
tatu nukta mbili.

Kanunue basi, unasema.
Nunua wewe, nakujibu. Mimi nimestaafu.
Na tumecheka, dada, mpaka umeshika ukuta.